Kiti cha Meneja: Michezo ya Usimamizi na Nchi ya Shaba

Mwaka 1995 Chris Sawyer, Mskoti aliyekuwa akiandika programu zake karibu peke yake, alitoa toleo jipya la mchezo wa kompyuta uitwao Transport Tycoon. Humo aliongeza ramani ya nchi ya joto. Ina migodi ya shaba, mashamba ya mpira, migodi ya almasi, na miji ya jangwani ambayo haikui mpaka ipelekewe maji na chakula. Mchezaji hukopa pesa, hulaza reli, hununua garimoshi na kuanza kubeba: shaba na mpira kwenda kiwandani, almasi kwenda benki. Ramani haitaji nchi yoyote. Mtu wa Fungurume, mji wa migodi wa Katanga, kusini mwa Kongo, hahitaji kutajiwa. Shaba, mpira na almasi ndizo mali ambazo dunia imezifuata Kongo tangu enzi za Leopold II, na karibu na Fungurume iko Tenke, njia panda halisi ya reli: mstari unaotoka Lubumbashi na Likasi unagawanyika hapo, mmoja ukipanda kaskazini kwenda Kamina na Ilebo, mwingine ukielekea magharibi kwenda Kolwezi, Dilolo na bahari ya Atlantiki huko Lobito.

Michezo ya namna hii, ambayo mchezaji hapigani wala hakimbii bali anasimamia mji, reli, shamba au timu, ina ukoo mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Na ukoo huo unagusana na historia ya Katanga mara nyingi, wakati mwingine kwa bahati, wakati mwingine si kwa bahati hata kidogo. Kinachoiunganisha michezo hii yote ni mahali anapokalishwa mchezaji. Anakaa juu, anaona ramani nzima, anapewa hesabu za mwaka na bajeti ya mwaka ujao, na anaamua. Watu wanaoishi ndani ya uamuzi wake huonekana kama tarakimu. Katanga iliwahi kuendeshwa hivyo hivyo kabla kompyuta haijafika, na ndiyo maana naona historia ya michezo hii inasomeka vizuri zaidi kutoka huku kuliko kutoka California.

Mwanzo wake ulikuwa darasani. Mwaka 1964, katika jimbo la New York, mwalimu wa shule Mabel Addis alitunga mchezo ulioitwa The Sumerian Game, na William McKay wa IBM akaugeuza kuwa programu. Mtoto wa darasa la sita aliketi mbele ya mashine ya kuchapa iliyounganishwa na kompyuta kubwa iliyokuwa mbali, akaambiwa kwamba yeye ndiye mtawala wa Lagash, mji wa kale wa Mesopotamia. Mashine ikamchapia idadi ya raia, nafaka iliyoko ghalani na mavuno ya msimu. Utawalisha kiasi gani? Utapanda kiasi gani? Utaweka akiba kiasi gani? Mtoto alijibu kwa tarakimu, msimu ukapita, hesabu mpya zikaja.

Miaka minne baadaye Doug Dyment wa kampuni ya kompyuta ya DEC, aliyekuwa amesikia tu habari za mchezo huo, aliandika wake mfupi zaidi. David Ahl akauhamishia kwenye lugha ya BASIC na kuuchapa katika kitabu chake cha mwaka 1973, kwa jina la Hamurabi. Huo ndio uliosambaa. Unaanza na watu 100, ekari 1,000 na vipimo 2,800 vya nafaka. Kila mtu anahitaji vipimo 20 kwa mwaka ili aishi, na mtu mmoja hawezi kulima zaidi ya ekari 10. Panya watakula ghalani, tauni itapita ikitaka. Ukiwaua kwa njaa zaidi ya asilimia 45 ya raia ndani ya mwaka mmoja, unapinduliwa. Siasa yote ya mchezo iko katika mstari huo mmoja. Asilimia 46 ni uhaini; asilimia 44 ni mwaka mbaya tu, bonyeza uendelee.

Hesabu ya vipimo kwa kila kichwa si ngeni kwa wazee wa Likasi na Kolwezi. Wao waliijua kama posho. Kampuni ya migodi, Union Minière du Haut-Katanga, iliundwa mwaka 1906, na tangu reli ilipofika Elisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1910 tatizo lake kubwa halikuwa shaba bali watu. Wafanyakazi waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai na Ruanda-Urundi, wakafa kwa maradhi, wakatoroka, au wakamaliza miezi yao na kurudi makwao. Mwaka 1928 kampuni ikabadili mwendo. Ilianza kutoa mikataba ya miaka mitatu, kumruhusu mke aje kambini, kujenga shule na zahanati, kupima uzito wa watoto na kugawa chakula kwa jedwali. Daktari Léopold Mottoulle ndiye aliyekuwa mtetezi mkuu wa sera hiyo, na maandishi yake yanasomeka kama maelezo ya mchezo: lishe bora inazaa mfanyakazi mwenye nguvu, mke aliyetulia anapunguza utoro, mtoto wa leo ni fundi wa miaka kumi na tano ijayo. Kila mtu alikuwa na namba yake, na kila namba ilikuwa na faili.

Wala si kwamba sera ilishindwa. Vifo vilipungua kambini na familia zikakaa. Watu wenyewe walisema kampuni ni baba na mama, na Gécamines, kampuni ya dola, ilipokuja kuirithi, waliendelea kusema hivyo hivyo. Lakini jedwali la chakula halikuwa na safu ya kuandikia kile mtu anachotaka. Vita vya pili vya dunia vilipopandisha bei na mishahara ikabaki palepale, wafanyakazi waligoma, na tarehe 9 Desemba 1941 askari waliwafyatulia risasi uwanjani Elisabethville. Karani Léonard Mpoyi, aliyekuwa akisema kwa niaba ya wenzake, alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Kompyuta zilipoanza kuwa na nguvu, wazo la kuweka jamii nzima ndani ya mashine lilimpata mtu wa kulisimamia. Jay Forrester, mhandisi wa MIT, alitoa kitabu cha Urban Dynamics mwaka 1969 baada ya kuzungumza kwa muda mrefu na John Collins, aliyekuwa meya wa Boston. Aliuandika mji kama hesabu: watu, nyumba na viwanda vinaingia, vinazeeka, vinatoka, na kila kimoja kinavuta kingine. Hitimisho lake liliudhi wengi, kwamba kujenga nyumba za bei nafuu kunazidisha umaskini wa mji. Wakosoaji walisema hitimisho hilo lilikuwa limeshaingizwa kwenye kanuni kabla mashine haijawashwa. Nadhani walikuwa na haki, ila kanuni iliyofichwa ndani ya mashine ina heshima ambayo mwanasiasa anayesema neno lile lile hawezi kuipata.

Lugha ya kompyuta iliyotumiwa na kundi la Forrester, DYNAMO, ilisafiri hadi nchi nyingine ya shaba. Mwaka 1971 Chile ya Salvador Allende ilitaifisha migodi yake ya shaba, na mwezi Novemba mwaka huo huo akafika Mwingereza Stafford Beer, aliyealikwa aisaidie kusimamia uchumi. Mradi wake, Cybersyn, uliunganisha viwanda kwa mashine za teleksi, ukaandaa programu ya kuigiza uchumi wa Chile kwa DYNAMO, na ukajenga mjini Santiago chumba chenye viti saba vya kuzunguka na skrini ukutani. Ukitazama picha za chumba hicho leo, utaona skrini ya mchezo kabla michezo ya namna hii haijauzwa madukani. Oktoba 1972, wenye malori walipogoma, teleksi hizo ziliisaidia serikali kuyapanga malori machache yaliyobaki barabarani. Mapinduzi ya tarehe 11 Septemba 1973 yakamaliza kila kitu.

Chile na Kongo hazikuwa ngeni moja kwa nyingine. Mwaka 1967, mwaka ambao Mobutu aliitaifisha Union Minière, nchi hizo mbili pamoja na Zambia na Peru ziliunda CIPEC mjini Lusaka, zikitumaini kwamba wenye shaba wakishikana wataipanga bei. Kwa muda hesabu ilionekana kukubali. Bei ilikuwa juu, Kinshasa ilikopa na Kolwezi ikapanuka. Mwaka 1970 ikaundwa Société Minière de Tenke-Fungurume, dola ikiwa pamoja na makampuni ya Uingereza, Marekani, Japani na Ufaransa, ili kuchimba vilima ambavyo kampuni ya Tanganyika Concessions ilikuwa imeshavichunguza nusu karne nyuma. Kisha bei ikaanguka mwaka 1974. Mwaka uliofuata vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela. Januari 1976 kazi zikasimamishwa Fungurume.

Michezo ya usimamizi ina kitufe cha kusimamisha muda. Mchezaji akichoka au akikwama anakibonyeza, na kila kitu kinaganda: treni katikati ya daraja, moshi juu ya kiwanda. Fungurume ilisimamishwa kwa miaka 33, ila muda haukuganda. Watoto walizaliwa na kuoa, vita vya Shaba (jina la Katanga enzi hizo) vya 1977 na 1978 vikapita upande wa Kolwezi, Zaire ikawa Kongo tena, na katikati ya hayo kibali kilibadilisha mikono: Lundin mwaka 1996, kisha Phelps Dodge, kisha Freeport-McMoRan ya Marekani iliyoinunua Phelps Dodge mwaka 2007. Bamba la kwanza la shaba lilitoka mwaka 2009.

Kuna kazi moja kubwa ya miaka hiyo ambayo inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu kila mchezaji wa SimCity anadhani anaielewa. Mwaka 1973 ilianza kujengwa njia ya umeme kutoka bwawa la Inga, karibu na mdomo wa mto Kongo, hadi Kolwezi. Ina urefu wa takriban kilomita 1,700, na iliwashwa mwaka 1982 baada ya gharama kupanda kupita makadirio. Katanga ilikuwa na mabwawa yake kwenye mto Lualaba. Wengi wamesema kwamba Inga ilichaguliwa pia kwa sababu ya kisiasa: anayeshika swichi Inga ameshika migodi, na mkoa uliowahi kujitenga mwaka 1960 usingeweza kujitenga tena kirahisi. Sasa, katika SimCity, ukivuta waya kutoka mtamboni ukapita karibu na nyumba, nyumba inawaka taa. Huhitaji kufanya lolote zaidi. Njia ya Inga inabeba umeme mnyoofu, unaobadilishwa mwanzoni tu na mwishoni tu, na hauchomolewi katikati bila mtambo wa gharama kubwa. Waya ulipita juu ya vijiji, mkoa baada ya mkoa, na chini yake watu wakaendelea kuwasha vibatari. Mchezo unadhani kukaribiana na umeme ni sawa na kuupata.

SimCity yenyewe ilitoka mwaka 1989. Mtunzi wake, Will Wright, alikuwa ametengeneza mchezo wa helikopta ya kivita uitwao Raid on Bungeling Bay, akagundua kwamba kuvijenga visiwa kunampendeza kuliko kuvipiga mabomu. Akasoma vitabu vya Forrester. Wachapishaji waliukataa mchezo wake kwa sababu hauna mshindi wala mshinde, mpaka alipoungana na Jeff Braun kuanzisha kampuni ya Maxis. Baada ya hapo mlango ulifunguka wote: Populous ya Peter Molyneux mwaka huo huo wa 1989, Railroad Tycoon na Civilization za Sid Meier mwaka 1990 na 1991, Theme Park mwaka 1994. Kwa upande wa mpira, Kevin Toms alikuwa ametangulia kwa Football Manager mwaka 1982, na ndugu wawili Collyer wakaja na Championship Manager mwaka 1992.

Sura ya ukoo huu inayonivutia zaidi haikuuzwa dukani. Maxis ilifungua tawi la kutengenezea makampuni michezo, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 likaitengenezea kampuni ya mafuta ya Chevron kitu kiitwacho SimRefinery: kiwanda cha kusafisha mafuta kwenye skrini, chenye mabomba, matangi na milipuko. Lengo halikuwa kumfundisha mhandisi uhandisi. Lilikuwa kumwonyesha mtu wa ofisini, na fundi wa kona moja, jinsi kona zote zinavyotegemeana. Nakala yake ilipotea na kuonekana tena mwaka 2020.

Laiti Gécamines ingekuwa na kitu cha namna hiyo, mtu angeweza kusema, lakini sidhani kama kingesaidia. Kilichoiua hakikuwa siri. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Dola ya Mobutu ilichukua fedha za kigeni zilizopaswa kununua vipuri, mashine zikaliwa ili kulisha mashine nyingine, na Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ikaporomoka. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai wakafukuzwa Katanga, wakiwamo mafundi wengi. Katikati ya muongo huo kampuni ilikuwa ikitoa takriban tani 30,000 kwa mwaka. Hakuna fundi wa kiwanda cha Luilu ambaye hakuyaona hayo yakija. Mwaka 2001 mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alitoa kitabu kuhusu familia za wafanyakazi wa shaba, akiwaita kwenye jina la kitabu watoto waliotelekezwa na baba yao. Miaka miwili baadaye, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 walilipwa mkupuo mmoja na kuondolewa kwenye orodha. Zoezi hilo liliitwa kuondoka kwa hiari.

Turudi kwenye reli, maana hapo ndipo mchezo wa Sawyer unapojipindua. Katika Transport Tycoon malipo ya mzigo hupanda kadiri unavyousafirisha mbali, mradi usichelewe. Mchezaji mjanja haunganishi mgodi na kiwanda cha jirani. Anavuka ramani nzima ili alipwe zaidi. Katanga umbali ni mwizi. Wabelgiji, wasitake kutegemea bandari za wengine, walifungua mwaka 1928 njia yao ya taifa: reli hadi Ilebo, mzigo upakuliwe, uteremke mtoni hadi Kinshasa, upakuliwe tena, upande reli hadi Matadi. Reli ya Lobito, iliyo fupi zaidi kwenda baharini, ilikamilika mwaka 1931, na ilipofungwa mwaka 1975 shaba ilielekea kusini kwa Wazungu wa Rhodesia na Afrika Kusini, ambao Mobutu alikuwa akiwalaani hadharani. Sehemu nyingine ilipata njia kupitia Dar es Salaam. Leo sehemu kubwa inasafiri kwa malori yanayojipanga foleni mpakani Kasumbalesa. Desemba 2023, shehena ya majaribio ya tani 1,110 za makinikia kutoka Kamoa-Kakula ilipakiwa kwenye garimoshi Kolwezi, ikafika Lobito kwa siku nane. Magazeti ya biashara yaliiandika kama ugunduzi. Kwa mzee wa Tenke ilikuwa ratiba ya zamani.

Kuna mchezo mmoja zaidi, usioitwa mchezo, na huo ndio umebadilisha sura ya Fungurume kuliko mingine yote. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya watoto wa New York kutawala Lagash, wataalamu wawili wa IBM ya Kanada, Helmut Lerchs na Ingo Grossmann, walichapisha njia ya kukokotoa umbo bora la mgodi wa wazi. Kilima kinakatwa kwenye karatasi kuwa vipande vya mraba vilivyopangwa kama matofali. Kila tofali hupewa thamani: lenye madini linaingiza pesa, lisilo na madini linakula pesa kwa sababu lazima liondolewe. Kiasi cha shaba kilichomo kinakisiwa kutoka kwenye mashimo machache ya kuchoronga, kwa hesabu zilizoanzishwa na mhandisi wa Afrika Kusini Danie Krige mwaka 1951 na kukamilishwa na Mfaransa Georges Matheron. Mashine kisha hutafuta shimo lenye faida kubwa kuliko yote, bila kingo zake kuporomoka. Katikati ya miaka ya 1980 Jeff Whittle wa Australia aliigeuza njia hiyo kuwa programu ya kuuzwa, na sasa mgodi mkubwa usioitumia programu ya aina hiyo ni nadra.

Ukikaa mbele ya skrini yake utaona mashimo yaliyopangwa moja ndani ya jingine, kila moja likiwa na bei yake ya shaba. Bei ikishuka London, shimo linajikunja. Ikipanda linatanuka, na kijiji kilichokuwa nje ya mstari kinajikuta ndani. Kabla ya Kwatebala, kilima cha kwanza kuchimbwa hapa, familia za vijiji kadhaa zilihamishwa. Vilima vya Fungurume vilikuwa na mimea yao inayostahimili udongo wa shaba, na Wasanga waliyeyusha shaba ya nchi hii karne nyingi kabla ya Wabelgiji, wakiwa wanasoma mimea hiyo kama ishara. Wala maua wala makaburi hayana thamani ya tofali. Mtu anaweza kuyaongeza, programu haikatazi. Anaweka mpaka, na mashine inauheshimu. Ni suala la nani amekaa kwenye kiti siku hiyo.

Kolwezi, mtaa wa Kasulo ulionyesha kinyume chake. Kuanzia mwaka 2014 habari zilienea kwamba chini ya nyumba kuna heterojeniti, jiwe jeusi la kobalti, na watu wakaanza kuchimba ndani ya nyua, kisha ndani ya vyumba. Mashimo yalishuka chini ya sakafu, yakakutana chini ya barabara. SimCity inatoa rangi tatu: kijani pa kuishi, buluu pa biashara, njano pa viwanda, na kila kiwanja kina rangi moja. Kasulo ilikuwa na zote tatu chini ya paa moja la bati, mama akipika jikoni na mwanawe akiwa mita kadhaa chini ya jiko. Mwaka 2017 serikali ya mkoa ilihamisha mamia ya familia na sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta. Penseli ya mpangaji ilifika, lakini ilifika baada ya mchezo kuchezwa na wengine.

Na vijana wa huku wanacheza nini? Mpira, kwa sehemu kubwa. Vyumba vya PlayStation vipo kila mji wa mgodi, na mtu anayenunua mega kwa kupimapima hupendelea mchezo wa simu usiohitaji intaneti: kulima shamba, kuendesha duka, kununua na kuuza wachezaji. TP Mazembe ilipofika fainali ya klabu bingwa ya dunia mwaka 2010, kila kibanda cha Katanga kilikuwa na makocha kumi. Kiswahili nacho kina nafasi yake katika ukoo huu, na ni nafasi ya heshima. Civilization IV ya mwaka 2005 ilifunguliwa na wimbo Baba Yetu, Sala ya Bwana kwa Kiswahili iliyotungiwa muziki na Christopher Tin, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata tuzo ya Grammy. Katika Civilization VI ya mwaka 2016 unaweza kutawala Kongo ukiwa Mvemba a Nzinga.

Kongo ya migodi iliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 2011 kundi la Molleindustria la Paolo Pedercini lilitoa Phone Story, mchezo wa kejeli kuhusu safari ya simu, ambao katika hatua yake ya kwanza mchezaji anawasimamia watoto wanaochimba koltani. Apple iliuondoa dukani mwake muda mfupi baada ya kuupokea. Ni mchezo mfupi, na kama mchezo si mtamu. Lakini unafanya jambo ambalo Hamurabi haikufanya, kwani unamlazimisha mchezaji amtazame anayemwamrisha.

Nairobi walijaribu njia ya tatu. Kuanzia mwaka 2012 UN-Habitat na kampuni ya Mojang waliutumia mchezo wa Minecraft katika mpango wa Block by Block, na wakazi wa Silanga, Kibera, wakaupanga upya uwanja wao wa michezo kwenye skrini kabla wajenzi hawajafika. Mambo ya uwanja mmoja, ndiyo. Mgodi ni kitu kingine.

Jinsi ulivyo kitu kingine ilionekana katika ugomvi wa hivi karibuni. Mwaka 2016 Freeport iliuza hisa zake za Tenke-Fungurume kwa kampuni ya Kichina, China Molybdenum, ambayo sasa inaitwa CMOC, kwa dola bilioni 2.65. Gécamines ilibaki na asilimia 20. Baadaye Gécamines ilidai kwamba akiba ya madini ilitangazwa pungufu, na hivyo malipo yake yakapungua; kampuni ikakanusha. Mwaka 2021 serikali iliunda tume ya kuchunguza akiba hiyo. Julai 2022 usafirishaji wa shaba na kobalti nje ukazuiwa, na malundo yakakua mgodini mpaka Aprili 2023, walipokubaliana kampuni ilipe dola milioni 800 kwa miaka sita. Ukiondoa mawakili na vichwa vya habari, ugomvi ulihusu lile faili la matofali: mangapi yana madini, na nani anayahesabu. Mwaka 2024 migodi miwili ya kampuni hiyo, Tenke-Fungurume na Kisanfu, ilitoa takriban tani 650,000 za shaba, zaidi ya Gécamines katika mwaka wake bora.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 imewapa watu wa maeneo ya migodi vitu viwili ambavyo baba na mama wa zamani hawakuwahi kuwapa. Asilimia 15 ya mrabaha huenda kwa utawala wa eneo lenyewe, na asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni huingia mfuko wa maendeleo ya jamii. Juu ya hayo upo mkataba wa miaka mitano ambao wenyewe wanauita cahier des charges: orodha ya visima, madarasa, madaraja na zahanati ambayo kampuni inasaini na jamii inayoizunguka. Orodha hiyo hujadiliwa vikaoni, machifu, wanawake, vijana na watu wa kampuni wakiwa meza moja, kila kijiji kikivutia kwake. Lakini asilimia 0.3 huhesabiwa kutoka kwenye mauzo yanayotangazwa na kampuni yenyewe, kwa hiyo mjumbe anayeijua kazi yake, kabla ya kuuliza kisima kitachimbwa wapi, huomba kwanza aone hesabu.